Injini ya Kyule

Mshale wa joto ulipanda kabla ufunguo haujazungushwa.

Mwalimu Kimeu aliuona kwa pembe ya jicho, akiwa ameinama chini ya usukani akikaza skrubu ya mwisho ya dashibodi. Ulitoka kwenye herufi C, ukapita katikati bila kusita, ukaenda kulala kwenye H, pale penye mstari mwekundu. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Betri ilikuwa chini, hatua tatu kutoka kwenye gari, bado haijaunganishwa. Alipoinua kichwa na kuutazama moja kwa moja, mshale ulishuka polepole mpaka ukarudi ulikotoka.

Alikuwa mtu wa kuandika kila kitu. Alichukua daftari lake akaandika: "Geji imesogea bila umeme. Huenda ni mtikisiko." Akaisoma sentensi hiyo mara mbili, kisha akalikata neno "huenda". Saa yake ya mkononi ilionyesha saa saba na dakika ishirini mchana. Hiyo hakuiandika.

Kimeu alikuwa na shahada ya uhandisi na miaka kumi na tisa ya kufundisha ufundi wa magari katika chuo kidogo nje ya soko la Kathonzweni. Kanisani alikuwa shemasi. Pikapu aliyokuwa akiitengeneza uani kwake ilikuwa ya mkewe, Mumbua, aliyefariki miezi kumi na mmoja iliyopita. Mumbua alipanda nayo Nunguni mara mbili kwa juma kununua kabichi na viazi, akashuka kuviuza Kathonzweni, ambako mvua ni ya kubahatisha na mboga ya majani ni ya kuletwa. Sasa Kathini, mtoto wao wa pekee, aliyemaliza chuo Machakos na kukaa mwaka mzima bila kazi, alitaka kuishika biashara ya mama yake. Alikuwa amekwisha kuzungumza na wakulima wa huko juu. Kilichobaki ni gari.

Ndiyo maana Kimeu alihitaji kujua kwa nini mshale umepanda. Mlima ni uleule, gari ni lilelile, na wa kushika usukani ni binti yake.

Kulikuwa na jambo ambalo Kathini hakulijua, wala mchungaji, wala mtu mwingine yeyote.

Injini ya zamani ilikuwa ikichemka mlimani. Kila mshale ulipopanda, Mumbua alisimama kando ya barabara akapiga simu, na simu ilimkuta Kimeu darasani. "Baba Kathini, mshale umepanda." Alimwambia angoje gari lipoe, asifungue kifuniko cha rejeta mpaka mshale urudi katikati, na wanafunzi wakacheka chini chini. Ilitokea mara nne katika mwezi mmoja. Mara ya tano Kimeu hakuutafuta ugonjwa. Alichukua rizista, kile kipande cha umeme kidogo kama punje ya mtama, akakilehemu nyuma ya geji. Kuanzia hapo mshale ulikaa katikati, injini iwe baridi au iwe moto. Alikusudia kuifungua injini yenyewe likizo ya Agosti. Mumbua alifurahi. Alisimulia kanisani jinsi mume wake alivyolitibu gari.

Majuma matatu baadaye, kwenye mlima wa Nunguni, alisikia mlio asioujua. Alisimama, akatazama mshale, akauona katikati. Akashuka akafungua kifuniko. Maji yaliyokuwa yakichemka yakamrukia usoni na kifuani. Mwendesha boda aliyemkuta alimpigia Kimeu saa saba na dakika ishirini. Mumbua alikaa hospitalini siku nne.

Mazishini watu walitaka kuelewa. Fundi mmoja wa sokoni, Mulinge, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Kimeu, alikuwa amebadilisha paipu ya rejeta juma lililotangulia. Mtu akasema pengine aliifunga vibaya. Wote wakamgeukia Kimeu, kwa kuwa yeye ndiye aliyesoma.

"Mwalimu, si paipu ikilegea gari linachemka?"

"Inawezekana," Kimeu alisema.

Kihandisi lilikuwa jibu sahihi. Kwa jibu hilo wateja wa Mulinge walimwacha mmoja mmoja, akafunga gereji, akaenda kuchimba mchanga mtoni. Jioni ya siku ile ile ya maziko Kimeu aliikata rizista kwa koleo akaitupa chooni.

Injini ya kubadilisha aliipata Kitui mjini kwa Yakub, aliyebomoa magari makuukuu na kuuza vipande vyake. Yakub hakumficha kitu. Ilitoka kwenye pikapu ya mfanyabiashara wa Migwani aliyeitwa Kyule. Kyule alikuwa amekufa, na wanawe walikuwa wameuza kila chuma chake.

"Ni safi," Yakub alisema, "lakini usiibebe leo, Mwalimu. Ngoja shangazi yangu aje aisomee dua Ijumaa. Huyo mzee alikuwa na kitu chake alichokitoa pwani."

"Kitu gani?"

"Wewe ni mtu wa kanisa, sitaki kukuchafulia masikio. Kyule hakuwa na askari, hakuwa na mbwa. Asubuhi wafanyakazi wake walipanga foleni wakashika boneti ya ile pikapu, mmoja mmoja. Aliyeficha kitu aliungua mkono. Basi. Gunia linarudi stoo."

Kimeu alitabasamu. "Huo ni ukaguzi wa bei nafuu."

"Cheka tu. Ijumaa si mbali."

Mafundi wa Kitui, Wakristo kwa Waislamu, hawafungi injini ya marehemu kabla haijasemewa neno. Wengine huita mchungaji, wengine shehe, wengine huinyunyizia maji tu na kulitaja jina la aliyekufa, wakitaniana huku wakifanya hivyo. Kimeu alikuwa amezoea kuwaambia wanafunzi wake kwamba hiyo ni njia ya kupoteza asubuhi.

"Mimi husomea kwa geji," alimwambia Yakub, akaita wapakiaji.

Siku ya pili baada ya geji kusogea bila umeme, aliunganisha betri akaiwasha. Injini iliitika mara ya kwanza, ikanguruma bila kukohoa. Alielekeza kipimajoto cha mkononi kwenye kichwa cha injini akasoma nyuzi themanini na nne, kama inavyotakiwa. Mshale wa geji ulikuwa kwenye H.

Hilo halikumtisha. Sensa ya injini mpya na geji ya gari la zamani huwa hazikusomea shule moja, ndivyo alivyowaambia wanafunzi kila mwaka. Aliitoa sensa akarudisha ile ya zamani. Alisugua mahali pa waya wa athi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi, mpaka chuma kikang'aa, akaongeza waya mnene kutoka kwenye injini hadi kwenye bodi. Aliiinua pua ya gari akatoa hewa iliyonaswa kwenye maji. Alichana karatasi akaisogeza mbele ya rejeta aone kama feni inavuta au inasukuma. Ilikuwa inavuta. Thamostati, ule mlango mdogo wa maji ya injini, aliichemsha kwenye sufuria ya Kathini, ikafunguka panapostahili. Mshale ukakaa mahali pake. Akaandika kila hatua.

"Sasa imepona?" Kathini aliuliza. Alikuwa ameegemea mlango wa gari, ameshika sufuria yake. "Na hii sufuria nipikie nini tena? Chai ya grisi?"

"Ioshe kwa majivu."

"Mama angekufukuza."

Walienda na gari hadi mjini Wote wakarudi, Kathini akiendesha, na njia nzima gari halikulalamika. Waliingia uani saa saba na dakika kumi. Walikuwa bado wamesimama kando yake, injini imezimwa, Kathini akisimulia jinsi atakavyopanga bei ya viazi, alipokatiza maneno na kunusa.

"Baba, nani anapika kabichi?"

Hakuna aliyekuwa akipika. Jiko lilikuwa baridi, na nyumba ya jirani ilikuwa mbali. Harufu ilitoka ndani ya gari. Ilikuwa ya kabichi iliyoiva kwa mvuke, na chini yake ilikuwepo nyingine tamu, tamu ya kuchukiza, ya dawa ya rejeta. Gari lilipokokotwa kutoka Nunguni mwaka uliopita, shehena ya Mumbua ilikaa siku nne juani chini ya turubai, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuishusha. Kimeu ndiye aliyefunua turubai lile. Alifungua mlango, akainama ndani. Mshale ulikuwa kwenye H.

"Ni mpira wa mlango," alisema. "Unapata jua unanuka."

Kathini alimtazama kidogo, kisha akaenda zake.

Siku ya tatu Kimeu hakutaka tena kubahatisha. Aliing'oa geji nzima kutoka kwenye dashibodi, akaipeleka kwenye stoo yake ya vifaa, akaiweka juu ya meza, mbali na gari, mbali na waya wowote, akafunga mlango. Alivuta kiti akaketi mbele yake, daftari magotini. Nje jua lilikuwa limesimama juu ya bati na kila kitu kilikuwa kimya, kuku wamejificha, hakuna upepo. Saa saba na dakika kumi na tisa mshale ulikuwa kwenye C. Alifikiri kwamba ukikaa hapo, ataweza kucheka.

Dakika ya ishirini mshale ulianza kupanda, polepole kuliko siku zote, kama mtu anayepanda mlima na mzigo, na kioo cha geji kikaanza kutoka jasho kwa ndani, tone baada ya tone, mpaka herufi zikafifia na akabaki akiuona mshale tu, mwekundu, ukipita katikati na kuendelea, na ile harufu ya kabichi ikajaa stoo nzima na kumkaa kooni, na nyuma ya kiti chake, karibu kabisa na sikio, akasikia sauti ya chini ya mtu anayejua kwamba anapiga simu wakati wa kazi na hataki kusumbua, sauti yenye haya, ikisema, "Baba Kathini, mshale uko wapi?"

Hakugeuka. Daftari lilianguka na hakuliokota.

"Baba." Sasa ilikuwa sauti ya Kathini, uani. "Baba, njoo uone."

Alitoka nje. Kathini alikuwa amesimama mbele ya pikapu. Gari lilikuwa halijawashwa tangu jana, lakini ndani ya rejeta maji yalikuwa yakitokota, yakigonga kifuniko kutoka chini kama maharagwe yanayochemka kwenye sufuria iliyofunikwa.

"Inachemka," Kathini alinong'ona, "na ni baridi. Shika." Alikuwa ameweka viganja vyote viwili juu ya boneti. "Shika, Baba. Ni baridi kabisa."

Kimeu aliweka kiganja chake kando ya vya binti yake. Akakiondoa kabla hajajua kwamba amekiondoa. Ngozi ilikuwa imebaki juu ya rangi ya gari, kipande kama cha sarafu, nayo ilikuwa ikikunjamana.

Walitazamana. Kathini alikuwa bado ameweka mikono yake palepale.

"Kwa nini wewe?" aliuliza.

"Sijui," alisema Kimeu.

"Mpigie huyo mtu aliyekuuzia."

Yakub aliposikia aliuliza swali moja tu. "Umeungua kiganja au vidole?"

"Kiganja."

"Mwalimu, nilikuambia ungoje Ijumaa." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, "Sitakuuliza kitu. Lete gari."

Yakub aliongeza kwamba angeweza pia kuja na shangazi yake Kathonzweni, lakini Kimeu alikataa. Hakutaka mwanamke mwenye buibui na chetezo aonekane akiingia kwa shemasi. Asubuhi, kabla ya kuondoka, alibandua stika ya kanisa kwenye kioo cha mbele, akaikunja, akaiweka mfukoni. Kathini alimwona, akaingia garini. Wakavuka mto Athi. Gari lilikimbia vizuri, na geji, ambayo Kimeu alikuwa ameirudisha mahali pake, haikuwa na neno.

Bi Mwanamisi, shangazi ya Yakub, aliishi nyuma ya yadi ya vipuri, kati ya giaboksi na milango iliyopangwa kama vitabu. Alikuwa ameketi juu ya kiti kilichong'olewa kwenye basi. Ukoo wake ulitoka pwani, lakini yeye alizaliwa Kitui na Kikamba chake kilikuwa safi kuliko cha Kathini.

"Karibu, mwanangu. Mbona umeliegesha nyuma ya ghala? Mbele kuna kivuli."

"Hapa panatosha, Bi."

"Unanificha mimi, au unalificha gari?"

Yakub alikohoa ili asicheke.

Bi Mwanamisi aliomba boneti ifunguliwe. Alifukiza ubani, akaizunguka injini mara tatu akisoma kwa sauti ndogo, kisha akasimama akaitazama kama mtu anayemtazama ng'ombe wa kununua. "Jini hili limeumbwa kwa moto," alisema. "Maji haliogopi. Kyule alilifundisha kazi moja, kuonyesha kilichofichwa, naye akafa bila kuliambia kazi imekwisha. Mwalimu, kuna kitu kimefichwa kwenye gari hili?"

Kathini alikuwa amesimama kando yake. Yakub alikuwa upande wa pili. Ilikuwa saa saba na robo.

"Hapana," Kimeu alisema.

Maji yakaanza kutokota.

Bi Mwanamisi aliinua chetezo. Aliendelea kusoma, na mtokoto ukapanda, paipu zikavimba na kutetemeka ingawa hakuna aliyegusa ufunguo, na harufu ile ikaja, ikaufunika ubani. Kisha Kathini akasogea. Alitembea taratibu hadi mbele ya gari, si kwa mwendo wake, bali kwa mwendo wa mtu mnene kidogo anayeumwa goti la kushoto, na Kimeu, ambaye alikuwa ameuona mwendo huo kwa miaka ishirini na sita na hakutarajia kuuona tena, alirudi nyuma hatua moja. Kathini aliinama juu ya injini. Aliuweka mkono juu ya kifuniko cha rejeta.

"Mshale uko katikati," alisema. Haikuwa sauti yake. "Si ulisema nikiuona katikati naweza kufungua?"

"Kathini," Kimeu alisema.

"Gari linalia, Baba Kathini, lakini mshale uko katikati. Nisikupigie tena. Watoto wa watu wanasoma."

Mkono ukaanza kuzunguka. Kifuniko kilitoa mluzi mwembamba, na uzi wa mvuke ukapenya kati ya vidole. Yakub alijaribu kumvuta Kathini kwa bega akarudi nyuma kana kwamba amegonga ukuta.

"Mwambie," alisema Bi Mwanamisi bila kuinua sauti. "Mimi nimemaliza yangu. Mwambie kabla hajafungua."

Na Kimeu alisema. Alisema kwamba mshale ni mwongo, kwamba yeye ndiye aliyeufunga katikati kwa mkono wake kwa sababu alichoka na simu na alichoka na kicheko cha darasa, kwamba injini ilikuwa mbovu na alijua, kwamba Mulinge aliifunga paipu vizuri na yeye mwenyewe aliikagua baada ya ajali akaikuta imekazwa, imekazwa sana, na bado mbele ya jeneza akasema inawezekana, kwamba mtu yule anachimba mchanga kwa ajili yake, kwamba usifungue, Mumbua, tafadhali, ngoja, usifungue, ni moto.

Mkono ukasimama. Ukakirudisha kifuniko mahali pake, ukakikaza kwa uangalifu. Kisha miguu ya Kathini ikalegea na Yakub akamdaka.

Mtokoto ulikuwa umekoma. Baada ya muda Yakub alikifungua kifuniko mwenyewe, akiwa amekifunika kwa gunia, akatumbukiza kidole. Maji yalikuwa baridi.

Kathini aliamka akiuliza kwa nini amelala juu ya magunia. Alikuwa na kiu. Hakukumbuka kitu tangu ubani ulipowashwa. Yakub alipokwenda kumtafutia soda, Bi Mwanamisi alimvuta Kimeu kando, nyuma ya milango.

"Limetoka kwenye chuma," alisema. "Halikutoka kwa kusoma kwangu. Limetoka kwa sababu umesema. Lakini umesema mbele yangu na Yakub, na si sisi uliotukosea. Kawaambie wenyewe. Binti yako, na huyo wa mchanga. Ukilimeza neno hilo tena, jini litalifuata huko huko ndani, maana pengine pa kukaa halina."

"Nitawaambia."

"Leo?"

"Nitawaambia, Bi."

Walikuwa wamevuka Athi walipokuwa wakirudi, Kathini aliposema, "Nilisema nini nilipoanguka?"

Barabara ilikuwa tupu. Alikuwa akiendesha kwa mkono mmoja, amechoka, dirisha wazi. Kimeu aliitazama geji. Ilikuwa ikisema kweli. Alijua kwa sikio lake jinsi injini ilivyokuwa, na geji ilisema vilevile.

"Uliomba maji," alisema.

Jumatatu Kathini alipanda Nunguni. Kimeu aliketi darasani na simu juu ya meza, mbele ya wanafunzi wote, na simu haikulia. Saa kumi gari liliingia uani limejaa kabichi na Kathini anacheka peke yake. Alipanda tena Alhamisi. Alianza kuzungumza kama mama yake, kwa kasi, akihesabu wateja kwa vidole. Kila jioni Kimeu aliipanga sentensi yake. Ilikuwa fupi na haikuwa na udhuru ndani yake. Aliibeba hadi mezani, akamtazama binti yake akila kwa furaha, akairudisha. Alijiambia kwamba amwache mtoto apumzike kwanza. Alijiambia kwamba jambo la Mulinge linahitaji kuwekwa vizuri, pengine kwa barua. Jumapili alisimama kanisani akasoma matangazo. Stika ilikuwa imerudi kwenye kioo.

Jumamosi iliyofuata, alasiri, mbwa wa jirani alibweka na Kathini akatoka kuangalia.

"Baba, una wageni."

Alikuwa Mulinge. Alikuwa amekonda, na mchanga ulikuwa umemkwaruza mikono mpaka viwiko. Nyuma yake alikuja mjomba wake, Mzee Mutisya, akivuta mbuzi kwa kamba. Walikaribishwa barazani. Kathini alikwenda jikoni kupika chai, akaacha mlango wazi.

Mzee Mutisya alizungumza juu ya mvua, kisha juu ya ndengu, kisha akanyamaza akamgusa mpwa wake goti.

"Mwalimu," Mulinge alisema. Alikuwa akiitazama sakafu. "Mimi nimefikiria haya maneno mpaka nimechoka. Ile paipu niliikaza. Hivyo ndivyo nakumbuka. Lakini watu wamesema mwaka mzima, na kila nikilala naona mkono wangu na ile bisibisi, na sasa sijui. Pengine sikuikaza. Pengine ni kweli nilimuua Mama Kathini." Alivuta pumzi. "Nimesikia gari limepona na Kathini anaendesha. Nikasema hapana, siwezi kukutana naye barabarani nikageuza uso. Nimekuja kuomba msamaha. Mbuzi ni wa mjomba, mimi sina."

Kathini alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi. Macho yake yalikuwa yamejaa, lakini hayakuwa na hasira. Alimtazama baba yake, akingoja.

Kimeu alifungua kinywa. Sentensi ilikuwa pale, nzima, katika mpangilio wake. Mbele yake walikuwa wote wawili waliostahili kuisikia, kwa siku moja, barazani mwake, na hakuna mtu mwingine wa kusikia ila mzee na mbuzi. Aliona jinsi nyuso zao zitakavyogeuka. Aliona uso wa Kathini.

"Nimekusamehe," alisema.

Mulinge alishika uso kwa mikono miwili akalia kwa sauti, kama mtu aliyetua mzigo. Mzee Mutisya alimshukuru Mungu. Kathini alikuja akamwekea Mulinge mkono begani, akasema basi, imekwisha, basi. Kisha akamimina chai, ikitoka motoni moja kwa moja, mvuke ukipanda hadi kwenye nyusi zake. Wageni waliweka vikombe chini, wakapuliza, wakangoja.

Kimeu alitaka kitu cha kufichia uso. Aliinua kikombe chake akakiweka kinywani akainywa chai yote bila kupumzika, mpaka majani ya mwisho, na alipokishusha akawakuta wote watatu wakimtazama. Kathini alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Baba," alisema polepole, "hiyo ilikuwa inachemka."

Kimeu alikuwa amesikia sukari, na maziwa, na moshi kidogo wa kuni. Joto hakulisikia hata kidogo.

"Imepoa," alisema, akanyoosha kikombe aongezewe.